Mkungu mmoja, walaji watano: kwa nini punju, kima na komba hawamalizani?

Msomaji wetu mmoja, mkulima wa Pete, kusini Unguja, ameuliza hivi: "Assalaam aleikum, mtaalamu. Nyuma ya nyumba yangu, pale shamba linapopakana na maweni, yaani vichaka vilivyoota juu ya mawe, upo mkungu mkubwa, mti wa kungu, aliouacha marehemu baba. Asubuhi wanaupanda punju, wale kima wekundu, wakiondoka wanakuja kima wa kawaida, na siku nyengine nawakuta wote wamo humo humo. Usiku nasikia komba wakilia na popo wakipigapiga mbawa, na kukipambazuka nakuta chini yake kinyesi cha paa. Miaka yote hii sijaona mmoja akimfukuza mwenziwe moja kwa moja. Jee, viumbe hawa wote wanaokula mti mmoja wanawezaje kuishi pamoja, na kidogo kidogo mmoja hatowamaliza wenziwe? Halafu wazee wetu walikuwa wakisema mti anaoula punju hufa, na mimi nina minazi. Nimfukuze yeye kwanza?"

Waaleikumu salaam, mzee wangu. Ulilouliza ni miongoni mwa maswali ya msingi kabisa ya ikolojia, na umelifikia kwa njia bora kuliko zote, yaani kwa kukaa na kutazama miaka mingi mahali pamoja. Jibu la mkato ni kwamba wageni wako hao watano wanakula mti mmoja lakini kwa sehemu kubwa hawali chakula kimoja. Pale wanapokula kimoja, huwa ni wakati wa neema ambapo hapana haja ya kugombania. Na kitakachoamua kama mmoja atawamaliza wenziwe hukioni mkungu ukiwa umejaa, kwani kipo kule anakokwenda kila mmoja wao mkungu unapokuwa mtupu. Punju usimfukuze. Sababu zake ni ndefu kidogo, nami nakuomba uvumilivu.

Tukikaa shughulini tumezunguka sinia la pilau, tumefundishwa tangu utotoni kwamba kila mtu ale mbele yake. Sinia ni moja, lakini kila mlaji ana upande wake, na ndiyo maana watu sita wanashiba bila ya mikono kugongana. Mkungu wako ni sinia la namna hiyo, ila wanyama wamekwenda mbali zaidi yetu: si kwamba kila mmoja anakula mbele yake tu, bali mmoja anataka wali, mwengine nyama, mwengine anasubiri kilichodondoka mkekani, na wengine wawili hawaji mpaka taa zizimwe.

Anza na punju, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kesi. Siku moja mtazame kwa karibu anapokula, khasa wakati mkungu unapochipua upya baada ya majani yake mekundu kuanguka. Atavuta tawi kwa vidole vinne, kwani kidole gumba chake kimefupika mno hata hakionekani, na atachagua majani machanga, yale laini yenye rangi ya kijani hafifu, ambayo yana protini nyingi na nyuzi chache. Akilishika jani lililokomaa mara nyingi halitii mdomoni lote. Hung'ata kikonyo chake, akakitafuna, na bapa la jani akaliachia lianguke. Ukiona chini ya mti majani mabichi mazima yaliyokatwa shingoni, jua ni kazi yake. Atakula pia maua, machipukizi na matunda machanga. Lile kungu lililoiva, lenye utamu na harufu, ambalo watoto wa mtaani wanaligombania, yeye kwa kawaida hulipita.

Sababu imo tumboni mwake. Tumbo la punju limegawika vyumba, kama lilivyogawika tumbo la mbuzi na ng'ombe ingawa si kwa mpangilio ule ule, na ndani yake mna bakteria wanaochachusha majani na kuzivunja nyuzi ambazo tumbo kama letu haliwezi kuzivunja. Hii ni hazina kubwa, kwani inamfungulia chakula ambacho wanyama wengi wanakiona kama ukuta wa kijani usioliwa. Lakini hazina hiyo ina masharti: sukari nyingi ya tunda bivu ikiingia humo huchachuka kwa kasi, tindikali hupanda, na mnyama huugua. Kwa hiyo punju haliachi tunda bivu kwa adabu wala kwa kumwogopa kima. Analiacha kwa sababu mwili wake haulitaki.

Hapa pana jambo ambalo wakaazi wa huko kwenu walilijua kabla ya watafiti, nalo ni kwamba punju hula makaa. Huyatoa kwenye visiki vilivyoungua na kwenye mabaki ya matanuri, akayashika mkononi kama mtoto aliyeshika kashata, akayatafuna pole pole. Utafiti wa Thomas Struhsaker na wenzake, uliochapishwa mwaka 1997, ulilihusisha jambo hili na majani ya miti ya mashambani kama mwembe na mkungu, ambayo yana protini nyingi lakini pia yana kemikali za kujikinga zinazozuia usagaji wa chakula na nyengine kudhuru. Makaa huzinasa kemikali hizo tumboni, na watoto wa punju hujifunza kuyala kwa kuwatazama mama zao. Nimekaa juu ya jambo hili kwa sababu linajibu sehemu moja ya swali lako kwa ukamilifu: punju anaweza kulila jani la mwembe na mkungu kuliko jirani zake kwa sababu ana tumbo la kulichachusha na ana dawa ya kulituliza. Mlango huo wa riziki umefunguka kwake, na kima hana ufunguo wake.

Kima naye ana tumbo moja la kawaida, kama letu, na mashavu yenye vifuko. Yeye ndiye anayelitaka kungu lililoiva. Hulichuma, akalijaza shavuni pamoja na mengine mawili au matatu, akaenda kukaa pembeni na kuyatoa moja moja. Ukimtazama saa nzima utaona pia kwamba anafunua magome na kupekua majani akitafuta wadudu, kwa sababu protini ambayo punju anaipata kwenye jani changa, kima huitafuta zaidi kwa mdudu. Majani machanga anayala, na hapo kweli wanakutana na punju, lakini hawezi kuyategemea siku nenda siku rudi. Kuwakuta wamechanganyika katika mti mmoja si ajabu hata kidogo, na wapo wanaoona kwamba wana faida ya kuwa pamoja, kwani macho mengi yanamwahi adui mapema.

Usiku jedwali linabadilika. Komba mkubwa, yule unayemsikia akilia kama mtoto mchanga, anakula matunda na wadudu, na wagema wote wa Unguja wanajua kwamba hata kibuyu cha tembo hakimshindi. Komba mdogo yupo pia, ingawa pengine humtofautishi na mwenziwe kwa sauti. Yeye anategemea wadudu zaidi kuliko matunda, na hupenda kupita chini chini, kwenye vichaka na matawi madogo, wakati mkubwa anashika matawi ya juu. Hata watu wawili wa ukoo mmoja, wote wa usiku, wamegawana mti kwa ghorofa.

Popo ameacha ushahidi wake chini na wewe umeupita kila asubuhi. Angalia vijibonge vikavu vya nyuzi, vidogo kama kokwa ya tende, vilivyobanwa na kuwa bapa. Popo mla matunda huliponda tunda mdomoni, akanyonya maji yake, akazitema nyuzi. Kungu analichukua na kuruka nalo mpaka mti mwengine anaouamini, akala nyama yake huko na kokwa akaiangusha. Ndiyo maana unaona miche ya mkungu ikiota chini ya minazi na miembe ambako hakuna aliyeipanda. Kwa hiyo kati ya wote watano popo ndiye anayeulipa mti kwa kuutawanya mbali. Wenzetu wa Pemba wanaye wa kwao, popo wa Pemba, ambaye hapatikani popote pengine duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa karibu atoweke kwa kuwindwa, na baada ya wanavijiji kuyalinda makaazi yake, kama pale Kidike, idadi yake ilirudi mpaka kupita 20,000. Nalitaja hilo kwa sababu linanifurahisha kila nikilikumbuka.

Paa ndiye anayestahili sura yake peke yake. Paa hawezi kupanda mti, lakini anakula mti. Majani yale ambayo punju ameyakata shingo na kuyaachia, maua yanayopukutika kima anaporuka kutoka tawi hadi tawi, kungu lililong'atwa mara moja na kutupwa, lile alilolidondosha hondohondo au komba, vyote hivyo ni chakula cha paa. Paa nunga, ambaye dunia nzima anapatikana Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya tu, anajulikana kwa tabia hii ya kufuata chini ya kima na ndege wanaokula juu. Ubadhirifu wa kima, unaowaudhi wakulima, ndio unaomshushia yeye chakula ambacho asingekifikia maisha yake yote. Hivyo uhusiano wa wanaokula mti mmoja si lazima uwe wa kushindana. Unaweza ukawa wa mmoja kufaidika na mwengine asidhurike kwa lolote, na mara nyengine uhusiano huo ndio unaomweka hai aliye chini.

Umeuliza kama mmoja hatowamaliza wenziwe. Khofu yako ina msingi, na ilishathibitishwa katika maabara. Mwaka 1934 mwanasayansi wa Moscow, Georgy Gause, alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa viumbe wadogo wa seli moja wanaoitwa paramisia. Aliwaweka wa aina mbili katika chupa moja, akawapa chakula cha aina moja, yaani bakteria, mazingira yakiwa sawa kila upande. Kila aina ilipokaa peke yake ilistawi. Zilipowekwa pamoja, moja iliongezeka na nyengine ikapungua mpaka ikaisha. Lakini aliifanya pia kazi ya pili ambayo watu huisahau wanapolisimulia jaribio hili: aliichukua ile aina iliyoshindwa akaiweka na aina ya tatu, na hizo mbili zikaishi pamoja, kwa sababu moja ilikula chakula kilichokuwa kikielea juu na nyengine ikala kilichotuwama chini ya chupa. Chupa ilikuwa moja, na riziki zilikuwa mbili.

Miaka 24 baadaye, mwaka 1958, Mmarekani Robert MacArthur alilipeleka swali hilo msituni. Katika jimbo la Maine kulikuwa na aina tano za ndege wadogo wanaokula wadudu katika miti ile ile ya misonobari, wenye ukubwa na midomo inayokaribiana, na kwa mujibu wa Gause ilitazamiwa wamalizane. MacArthur aliugawa mti kwa sehemu, juu na chini, ndani karibu na shina na nje kwenye ncha za matawi, akahesabu sekunde ambazo kila ndege alizitumia katika kila sehemu. Akakuta kila aina ina pande zake za mti, mwendo wake wa kutafuta, na hata nyakati zake za kutaga zinapishana kidogo. Wewe umefanya nusu ya kazi ya MacArthur bila ya saa mkononi. Iliyobaki ni kutazama ni sehemu gani ya mkungu anayoishika kila mmoja.

Neno "kushindana" lenyewe linatupoteza, kwani tukilisikia tunatazamia vita. Viumbe wanashindana kwa njia mbili. Ipo ya kugombana, ambayo ni kufukuzana, kung'atana na kuzuiana kwenye tawi, na hii unaiona kwa macho. Ipo na ya kuwahiana, ambayo haina kelele: mmoja anakula kabla ya mwengine hajafika, na aliyechelewa anakuta tawi tupu wala hajui nani amelimaliza. Wewe hujaona ugomvi, ukahitimisha kwamba hapana mashindano. Kuwahiana kunaweza kuwepo miaka mingi bila ya ngumi hata moja, na pengine ndiko kunakoumiza zaidi. Kungu lililoiva analotaka kima jioni linatakiwa pia na popo usiku, na hao wawili hawajapata kuonana uso kwa uso.

Ukitaka kuona mashindano yaliyomshinda mmoja kweli kweli, usitazame mkungu. Nenda Darajani, kule sokoni Mjini, ukatazame angani. Yule kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu si wa kwetu. Ni wa Bara Hindi, na aliletwa Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1890 kwa makusudi ya kusaidia kuondoa taka za mji. Kabla yake tulikuwa na kunguru wetu, yule mkubwa zaidi mwenye kifua cheupe. Wote wawili wanakula takriban kila kitu, wote wanakula mchana, wote wanafuata binadamu na taka zake, na hapakuwa na upande wa sinia ambao mmoja angeweza kuuita wake. Mgeni alikuja na ujasiri wa kuishi katikati ya watu, na makundi yanayoshambulia ndege wengine na kula mayai na makinda yao. Leo kunguru mwenye kifua cheupe ni adimu Unguja, na vijana wengi wa Mjini wanadhani hakupata kuwepo. Hilo ndilo jambo unaloliogopa, na lilitokea kwa sababu chakula kilikuwa kimoja, saa zilikuwa moja, mahali palikuwa pamoja, na mmojawapo hakukulia katika jamii hii ya viumbe. Punju na kima, kinyume chake, wameishi kisiwani humu pamoja kwa muda mrefu mno, na kila mmoja ana mlango wake.

Nakuja sasa kwenye jambo ambalo kwangu mimi ndilo zito kuliko yote, nalo ni wakati wa uhaba. Mkungu ukiwa umejaa, au miembe ikiwa imeinama kwa maembe ya kaskazi, wote wanakusanyika na vyakula vyao vinafanana sana. Ukitazama siku hiyo utasema hawa ni washindani wakubwa. Lakini neema ikiwa nyingi, kufanana hakudhuru, kama vile hakuna anayegombania maji ya kisima kilichojaa. Neema ikipita, kila mmoja hurudi kwenye kile ambacho mwili wake unakiweza kuliko wenziwe. Punju hurudi kwenye vikonyo vya majani yaliyokomaa na kwenye majani ya msitu ambayo hakuna mwengine anayeyataka. Kule kisiwa cha Uzi huingia mikokoni akala majani yenye chumvi, na watafiti wamemwona huko akinywa maji mara kwa mara, jambo ambalo punju wa msituni hana haja nalo sana kwa kuwa majani laini yanamtosha. Kima hurudi kwenye wadudu na mbegu. Komba huongeza wadudu. Popo huruka mbali kuutafuta mti mwengine ulioiva. Katika misitu mingi ya nchi za joto watafiti wameliona jambo hili hili: ni katika miezi ya shida ndipo vyakula vya viumbe jirani vinapotengana zaidi.

Maana yake ni kwamba amani unayoiona kwenye mkungu wako haitengenezwi hapo. Inatengenezwa kwenye maweni, kwenye mikoko, na kwenye msitu wa Jozani wenye maji, mahali ambapo kila mmoja ana pa kurudi. Maweni yakikatwa kwa ajili ya kuni, makaa na kuchoma chokaa, mikoko ikikatwa kwa ajili ya boriti, tunawaondolea viumbe hawa milango yao ya pili na kuwaacha wote wanasubiri mkungu mmoja. Watafiti wamekuta kwamba katika mashamba yanayopakana na Jozani punju wanaishi kwa msongamano mkubwa kuliko ndani ya msitu wenyewe, na wapo wanaolisikia hilo wakafurahi kwamba punju wameongezeka. Mimi silifurahii bila ya mashaka. Sehemu ya msongamano huo ni wakimbizi waliosukumwa na msitu uliopungua, na msongamano wa namna hiyo ndio unaoweza kugeuza majirani kuwa washindani wa kweli. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004 ikiwa na kilomita za mraba 50, inalinda pa kurudi kwa wengi wao, lakini shamba lako ni sehemu ya nchi yao hiyo hiyo. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2017 ilikadiria kwamba punju wote wanazidi kidogo 5,800. Ukiacha wale wachache waliopelekwa msitu wa Ngezi, Pemba, katika miaka ya 1970, wote hao wamo Unguja, na hawapo popote pengine.

Tukirudi kwenye minazi yako, wazee walimwita punju kwa jina hilo wakikusudia sumu, kwa harufu yake, na waliamini kwamba mti anaoula hufa na mbwa anayemla hunyonyoka manyoya. Siwadharau wazee, waliyaona majani mabichi yametapakaa chini na matawi yamebaki mepesi, wakakisia. Lakini mti unaochumwa majani machanga huchipua tena, na mkungu wako wenyewe, unaoliwa tangu enzi za marehemu baba yako, ni shahidi. Kwa upande wa nazi, mwaka 1999 Kirstin Siex na Struhsaker walichapisha utafiti walioufanya huko huko katika mashamba ya pembeni mwa Jozani, baada ya kuhesabu nazi wanazokula punju na nazi wanazovuna wakulima. Punju hawali nazi iliyokomaa, wanakula vidaka, yaani nazi changa mno. Nawe unajua kuliko mimi kwamba mnazi hubeba vidaka vingi kuliko unavyoweza kuvilea, na kwamba vingi huanguka vyenyewe kabla ya kufikia kuwa vitale, seuze dafu. Katika hesabu zao, ulaji wa punju haukupunguza mavuno. Pale walipokula vidaka zaidi, mavuno yalikuwa makubwa zaidi, kama vile kupunguza vidaka kunavyousaidia mti kuvilea vilivyobaki. Baina yako na punju, basi, pana mti mmoja na vyakula viwili: yeye anachukua kidaka ambacho kwa sehemu kubwa kingeanguka, na wewe unachukua nazi.

Kwa kima sitokupa matumaini kama hayo. Yeye na wewe mnakitaka kitu kimoja, tunda lililokaribia kuiva, ndizi khasa, na hapo pana mashindano ya kuwahiana ya wazi. Ndizi zikianza kujaa mwekee mtu wa kuamia wakati wa asubuhi na alasiri, uvune mikungu ya ndizi mapema uiivishie ndani, na usipande migomba pembezoni kabisa mwa maweni ambako kima ana mita mbili tu za kukimbia. Usiwape chakula wao wala punju, hata wakionekana wana njaa, na usimruhusu mgeni yeyote kufanya hivyo. Mkungu uache ulivyo. Ukiwa na nafasi, acha kipande cha mpaka wa shamba kiote miti yake yenyewe ya maweni bila ya kufyekwa, kwani kipande hicho ndicho kitakachowapa pa kwenda katika miezi ambayo mkungu hauna kitu, na kitakupunguzia wewe idadi ya wanaoelekea kwenye migomba.

Nina ombi moja kwako, kwa kuwa umekaa pahala ambapo mtafiti wa kutoka mjini hawezi kukaa mwaka mzima. Mkungu utakapopukutisha majani yake na kabla haujachipua, siku zile ambazo hakuna anayeupanda, tazama punju wanatoka asubuhi kuelekea wapi na wanakula mti gani, na kima nao wameelekea wapi; niandikie majina ya miti hiyo kama mnavyoiita huko Pete, pamoja na mwezi.